Aliyesikia Huchimba Kwanza

Jua lilikuwa linazama nilipotoka nyumbani na chupa ya mafuta ya taa kwapani na kipande cha mkate mkavu wa shayiri mfukoni. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Nimpelekee Kanaki mafuta, nimwambie apande juu akalale, kisha nikae mahali pake kusikiliza. Mke wangu Ergina alikuwa amelala akiuelekea ukuta. Siku mbili zilikuwa zimepita tangu handaki limwangukie kaka yake, Zorzi, na tangu hapo alikuwa hasemi na mtu. Nilimwambia naenda. Hakugeuka.

Mimi na Zorzi tulikuwa wachimba visima. Kabla Waturuki hawajaja kuuzingira mji wetu wa Kandia, tulizunguka Krete nzima tukiwatafutia watu maji. Vita vilipokuja, Wavenisi, wakubwa wetu wa wakati ule, walitaka watu wasioogopa giza, wakatuteremsha chini ya kuta za mji. Juu mizinga ilipiga kelele kutwa, lakini vita vyenyewe vilikuwa chini. Waturuki walichimba kuja kwetu ili wajaze baruti chini ya buruji zetu, ile minara ya ngome. Nasi tulichimba kuwaendea ili tuwalipue wao kwanza. Tuliishi kama fuko, miaka.

Zamu yangu ilikuwa ya kusikiliza. Mwisho wa kila handaki tuliweka ngoma ya askari chini, na juu ya ngozi yake tukamwaga njegere kavu kumi na mbili. Mtu akichimba popote karibu, udongo hutetemeka, ngozi hutetemeka, njegere hucheza. Hapo unalaza sikio ukutani na kuamua: upande gani, umbali gani, ni wao au ni wetu. Kanaki aliwahi kula njegere nne kwa njaa. Zorzi akamtania mwezi mzima kwamba Waturuki wakija atawasikia tumboni.

Mimi nilikuwa hodari. Nasema hivyo bila kujisifu, maana uhodari ule ndio ulioniharibia maisha. Zorzi mwenyewe alikuwa akiniambia, "Shemeji, wewe Mungu alikupa masikio ya paka, akakupa na moyo wa kuku." Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kulikuwa na sheria tuliyotoka nayo visimani. Mtu akifukiwa na yu hai, hugonga mara tatu, hunyamaza, hugonga mara tatu. Aliye nje akimsikia hujibu kwa pigo moja zito. Pigo hilo maana yake: nimekusikia, tulia, usiguse kitu, ukichimba mwenyewe utajiangushia udongo. Na aliyesikia ndiye anayeingia wa kwanza kumtoa. Hatumi mtu. Haombi mtu. Anashika sululu anaingia, kwa sababu yeye ndiye anayejua sauti ilitoka wapi.

Wiki mbili kabla ya jioni ile, kijana mmoja wa kazi yetu aitwaye Frangia alisikia mapigo matatu. Akajibu, akachimba wa kwanza. Kumbe Waturuki walikuwa wameshaijua ishara yetu. Tundu lilipofunguka, walimrushia chungu cha unga wa kiberiti unaowaka. Nilimvuta kwa miguu mimi. Uso wake sitausimulia. Aliishi hadi adhuhuri ya siku ya pili, na muda wote huo alikuwa akitafuta kope zake kwa vidole.

Basi huo ndio uoga niliokwenda nao chini jioni ile.

Kanaki alinipokea kwa miayo. Alikuwa mzee, sikio lake moja lilikufa kwa mizinga na la pili lilikuwa linalifuata. Alisema usiku mzima na mchana kutwa hakusikia kitu, panya tu. Akachukua mkate wangu nusu, akapanda ngazi. Nikajaza taa. Nikakaa.

Kimya.

Chini kule kimya kina uzito. Kunanuka udongo mbichi, mafuta, mkojo wa walinzi. Nilikuwa natafuna kile kipande kilichobaki nilipoona njegere moja imesogea.

Nikaacha kutafuna.

Ikasogea ya pili. Kisha zote zikaruka kidogo, pamoja...

Ko. Ko. Ko.

Nikalaza sikio ukutani. Upande wa kushoto, kule kulikoanguka. Umbali wa hatua nane, labda tisa. Nikasubiri.

Ko. Ko. Ko.

Pigo la kwanza zito. La pili hafifu. La tatu zito.

Zorzi alivunjika mkono utotoni, ukaunga vibaya. Akigonga mfululizo, kila pigo la pili hutoka dhaifu. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka kumi na minne. Nilimjua kwa pigo lile kama unavyomjua mtu wa nyumbani kwa kikohozi chake. Haikuwa nadhani. Haikuwa labda. Shemeji yangu alikuwa hai nyuma ya udongo ule, na mimi ndiye niliyesikia.

Nikautazama ukuta. Nikamwona Frangia.

Kuna kitu nilikifanya hapo, kabla sijapata hata muda wa kufikiri. Nitakisema. Lakini si sasa.

Kapteni Bastiano aliteremka muda mfupi baadaye kukagua walinzi. Alikuwa Mvenisi mtu mzima, mwenye adabu, aliyezoea kunong'ona chini kule hadi akawa ananong'ona hata sokoni. Aliziona njegere zinacheza. Akapiga magoti karibu yangu na kuniuliza wao au wetu.

"Wao, Kapteni," nikasema.

"Una hakika?"

"Wako wawili. Wanatumia ishara yetu, kama siku ile ya Frangia."

Alinitazama. Taa ilikuwa katikati yetu na sikuwa na pa kuuficha uso.

"Zorzi ni shemeji yako," akasema polepole.

"Ndiyo maana ningependa awe yeye."

Niliyatamka maneno hayo kwa mdomo huu. Sauti yangu ilitetemeka, naye akadhani ni majonzi. Akaniwekea mkono begani. Akapanda juu kuagiza baruti.

Tuliibeba mimi, Kanaki na askari wawili. Mapipa matatu. Pipa la pili nililibeba mwenyewe, nikalisukuma ndani ya shimo tulilolichimba pembeni, na muda wote nilikuwa nayasikia yale mapigo kwenye mbavu zangu. Zito, hafifu, zito. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara mbili niliufunga. Nilijiambia labda nimekosea, labda kweli ni wao, wajanja wale, wamejifunza hata ule mkono mbovu. Nilijidanganya vizuri sana. Utambi ukawashwa.

Mlipuko ulitutupa chini. Vumbi. Kikohozi. Mlio masikioni.

Kisha njegere zikatulia.

Nilikwenda nyumbani, nikamkuta Ergina macho. Nilimwambia tumewalipua Waturuki. Akauliza kama ni wale wale waliomfukia kaka yake. Nikasema ndiyo, wale wale. Akaja akaniegemea, kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili, akalia kwa faraja. Akanishukuru.

Kesho yake jioni nilirudi zamu. Niliweka ngoma sawa. Niliketi. Haukupita hata muda wa kusali sala ya jioni.

Ko... ko... ko.

Polepole kuliko jana. Na zile njegere hazikuruka. Zilitetemeka tu mahali pake.

Nilimwita Kanaki, nikijifanya nataka aniletee maji. Nikamwambia asikilize. Akalaza lile sikio lake lililobaki, akakaza uso, akakaa hivyo kitambo kirefu. Akasema hakuna kitu. Wakati anasema hivyo, mimi nilikuwa nasikia.

Lazima niseme tulivyo sisi watu wa Krete, maana kosa langu la pili lilitoka huko. Kwetu mtu aliyeuawa kwa dhuluma haozi. Ardhi inamkataa. Huinuka, huja kwa ndugu zake, hugonga mlango au huita jina, na anayemjibu hufa. Ndiyo maana hakuna mtu wa kwetu anayeitikia hodi ya kwanza. Mama zetu walitufundisha hivyo kabla hawajatufundisha kuvaa viatu.

Nami nilijua kwamba Zorzi amekufa. Mapipa matatu ya baruti. Nilijua aliyemuua ni nani.

Kwa hiyo sikuitikia.

Siku ya tatu baada ya mlipuko niliziba masikio kwa nta. Siku ya nne nta haikusaidia, maana nilikuwa naziona njegere. Nikaifunika ngoma na njegere zake kwa koti. Ndipo ikaja harufu. Zorzi alikuwa na desturi ya kutafuna kitunguu saumu kila akishuka, alisema kinafukuza hewa mbaya. Hewa yote ya handaki ikanuka kitunguu saumu. Hakukuwa na kitunguu saumu Kandia mwezi ule hata kwa dhahabu.

Siku ya tano, nilikuwa nimejikunyata, magoti kidevuni, nikasikia sauti. Haikutoka ukutani. Ilitoka chini, karibu na miguu yangu, kavu, ya mtu mwenye kiu.

"Shemeji..."

Nikauma mkono wangu nisiitikie. Kovu la meno lipo hadi leo.

Sikumwambia kapteni. Ningemwambia nini? Kwamba niliyemwita Mturuki ananiita shemeji?

Siku ya tisa tangu handaki lianguke, ikafika siku ya kumwombea Zorzi. Desturi yetu ni kuchemsha ngano na kuichanganya na zabibu kavu, padri akaibariki, watu wakala kwa ajili ya roho ya marehemu. Ngano ilikuwa imekwisha mjini miezi mingi nyuma. Mama mkwe wangu, Anezina, akanijia asubuhi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, anayeondoa kijicho kwa matone ya mafuta kwenye bakuli la maji. Watu walimwogopa na walimwita walipougua. Akaniomba njegere.

Nikamwambia sina njegere.

"Unazo zile za ngoma," akasema. "Nipe hizo. Hizo zilikuwa karibu na mwanangu kuliko sisi sote."

Sikujua nimkatalie vipi. Nilishuka nikazichukua zote kumi na mbili, nikatoa na nyingine kidogo kwenye kifuko cha akiba, nikamletea kwenye leso. Kapteni alinipigia kelele baadaye, kwa mara ya kwanza sauti yake nikaisikia ilivyo. Anezina alizichemsha, akazitia zabibu kiganja kimoja alichokuwa amekificha tangu Noeli, akabeba bakuli hadi kanisani.

Tulikuwa watu saba au wanane. Paa la kanisa lilikuwa na tundu la kombora na jua la saa nne liliingia moja kwa moja hadi kwenye bakuli. Padri akaanza kusoma. Ergina alikuwa kushoto kwangu. Anezina mbele yangu, ameshika bakuli kwa mikono miwili.

Nikaziona zinacheza.

Njegere zilizochemshwa. Laini, nzito, zimelowa. Zilinyanyuka ndani ya bakuli... zikatua.

Mara tatu. Kimya. Mara tatu.

Nikawatazama watu. Wote wameinamisha vichwa. Mikono ya Anezina ilikuwa imetulia kabisa. Yeye hakuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa ananitazama mimi.

"Umesikia?" akaninong'oneza.

"Hapana, mama."

"Mume wangu alikuwa mchimba visima pia," akasema, kwa sauti ile ile ndogo. "Najua aliyesikia hufanya nini."

Tukagawiwa, kila mtu kijiko kimoja. Nilikula. Nilimeza kama mtu anayemeza kokoto. Kijiko cha mwisho, kile cha marehemu, Anezina alikwenda nacho hadi ukutani, mahali sakafu ilipopasuka kwa mizinga, akakimimina ndani ya ufa akisema jina la mwanawe.

Mimi sikungoja padri amalize. Nilitoka, nikateremka, nikachukua sululu na beleshi, nikaanza kuchimba.

Sikuomba ruhusa. Kanaki alinikuta, akaniuliza nimeingiwa na nini. Nilimwambia nimesikia. Alinitazama usoni, kisha mzee yule kiziwi akavua koti, akaanza kuondoa udongo nyuma yangu bila kuuliza tena. Tulichimba tangu saa nne ile hadi jua likaribie kuzama. Hatua ya kwanza ilikuwa mawe yaliyopasuliwa na baruti yetu. Baada ya hapo udongo ulikuwa mzima. Hapo nikaelewa. Mlipuko haukwenda kwake. Mapipa mawili yalikuwa na unyevu, na la tatu lilipasukia upande wa adui. Sisi tulikuwa tumetoboa ardhi tupu.

Sululu ikazama hadi mpini. Tundu likafunguka.

Hakuna aliyerusha moto. Ilitoka hewa ya uvuguvugu, na harufu ya kitunguu saumu.

Nilipitisha taa, kisha kichwa. Kilikuwa chumba kidogo kama tanuri la mikate. Boriti moja ilikuwa imezuia paa lisianguke. Maji yalidondoka ukutani, na chini ya tone kulikuwa na kofia yake, imewekwa vizuri, imejaa. Wenzake wawili aliofukiwa nao walikuwa wamelala pembeni, wamefunikwa nyuso kwa mashati, hao walikufa siku ile ile ya kwanza. Zorzi alikuwa amekaa. Ameegemea upande wetu. Jiwe mkononi. Kichwa kimeinama kama mtu aliyesinzia akingoja zamu yake.

Nikamgusa shingo.

Ilikuwa na joto.

Nilimtikisa. Nilimwita jina. Nilimfungua mdomo nimwage maji. Ndani ya mdomo wake, juu ya ulimi, kulikuwa na njegere mbili zilizochemshwa na zabibu moja. Bado hazijatafunwa.

Kanaki aliziona pia. Akapiga ishara ya msalaba, akazitoa kwa kidole, akazifukia palepale. Hadi alipokufa hakunizungumzia habari ile. Kutoka kanisani hadi pale ni mwendo wa mtaa mzima na kina cha nyumba mbili.

Sijui. Nimeligeuza jambo hili kichwani miaka yote na sijui. Kama alikuwa mzima siku zile zote, basi nilimwacha afe kwa kiu na njaa nikiwa nimeziba masikio, hatua tisa kutoka kwake. Kama alikufa tangu mwanzo, basi kuna kitu kilikaa mahali pake kikaningoja nije, na kikapata joto kwa kula chakula cha wafu. Kuna siku naomba iwe hilo la pili.

Kapteni Bastiano aliteremka. Alikagua kila kitu kwa taa. Akaiokota sululu ya Zorzi, nzima, yenye makali. Akapapasa ukuta wa nyuma wa kile chumba, ukatoka vipande vipande mkononi mwake, laini kama jibini. Nyuma yake, umbali wa urefu wa mtu mmoja, kulikuwa na njia yetu ya zamani ya kutolea maji.

"Sielewi," akanong'ona. "Alikuwa na chombo. Alikuwa na maji na nguvu za siku kadhaa. Angetoka kwa kazi ya nusu siku. Kwa nini hakuchimba?"

Nilisema sijui.

Sasa nitasema.

Jioni ile ya kwanza, niliposikia yale mapigo na kujua ni yeye, kabla ya Frangia kunijia kichwani, kabla ya uoga, mkono wangu ulifanya ulichozoea miaka kumi na minne. Uliokota jiwe. Uligonga ukuta mara moja, pigo zito.

Nimekusikia. Tulia. Usiguse kitu.

Naye alinijua kwa pigo langu kama nilivyomjua kwa lake. Akaweka sululu chini. Akakaa. Akanisubiri.

Ergina na mama yake walimwosha. Desturi hainiruhusu kuwapo, nikakaa nje kizingitini. Kapteni alikuwa amenipa maneno ya kusema, maana mji ulikuwa tayari unanung'unika: kwamba Zorzi alikufa papo hapo, siku handaki lilipoanguka. Nikayasema. Ergina akatoka na beseni, akamwaga maji, akasimama akijifuta mikono.

"Magoti yake yalikunjika vizuri," akasema. "Nilimvalisha suruali kama mtoto. Wala hanuki."

Akaingia ndani. Anezina akatoka nyuma yake, akanishika kichwa kwa viganja viwili, akanibusu paji la uso. Akanishukuru kwa kumletea mwanawe. Sikuweza kuinuka pale kizingitini hadi giza likaingia.

Mji ulikabidhiwa kwa Waturuki mwaka uliofuata. Walioondoka na meli za Wavenisi waliondoka, nasi tukiwamo. Anezina alikataa, alisema ana mtu wa kukaa naye. Sisi tuliishia hapa kisiwani Zakintho, nikarudi kuchimba visima, lakini vya wazi, vifupi, vya mchana. Ergina aliniandalia chakula kila siku ya miaka ishirini na minane. Alinizalia mabinti wawili. Tulicheka mara nyingine. Sikuwahi kumwambia, na sikuwahi kulala usiku mzima.

Majira ya baridi yaliyopita nilishindwa. Alikuwa anakanda unga. Nilimwambia yote, na pigo lile moja pia. Hakuacha kukanda. Alipomaliza, aliufunika unga kwa kitambaa, akanawa, akaniambia neno moja tu juu ya jambo lile.

"Siku nikifa, Yakumi, usiwe wewe wa kusikiliza kama nimekufa."

Kisha akaniuliza kama nataka zeituni kwenye mkate.

Ergina alifumba macho juzi alfajiri, na nyumbani tulikuwa wawili tu. Mabinti wako ng'ambo kwa waume zao. Nilikimbia kumwita jirani, akaja na kioo, akakiweka puani pake, akasema pole mzee. Wanawake wakaja na maji ya kuoshea. Nikasimama mlangoni nikawazuia. Niliwaambia wasubiri kidogo, na kidogo hicho kimekuwa jana, kimekuwa na leo. Wanasema ni uchungu wa mzee. Leo mchana wameanza kuziba pua.

Nimeuvunja wosia wake. Nimelaza sikio kifuani pake, sikio lile lile.

Na nasikia.

Ni kitu kidogo, cha mbali sana... Inawezekana ni damu yangu mwenyewe inayopiga ndani ya sikio. Inawezekana ni uzee. Kikinyamaza, nashusha pumzi, nataka kuwaita waje wamchukue. Hapo hapo kinaanza tena. Nikisema amekufa na hajafa, nitakuwa nimemfukia mwingine. Nikisema yu hai, nitamwacha aoze mbele ya watu juu ya kitanda chake. Hapo zamani ningejua. Ningeweza kuwaambia upande gani, umbali gani.

Padri amefika na wanaume wanne wa jeneza. Amewaacha nje, amekuja mwenyewe hadi kando ya kitanda. Ni kijana mpole, ana umri wa wajukuu wangu kama ningekuwa nao.

"Mzee Yakumi," ananiuliza, "wewe umekaa naye muda wote. Tuambie tu. Amekufa?"

Ni swali moja. Jibu lake ni neno moja. Nimefungua mdomo, na wote wamenyamaza wananisikiliza.